Fomu Iliyorudi Kituoni

Alhamisi, 2 Desemba 1993
Mvua ya kwanza ya kueleweka. Imeanza saa nane mchana, imekatika saa kumi na moja. Nimefungua daftari hili kama ninavyofanya kila mwaka udongo unapolowa, ili niandike tarehe za kupanda, za palizi na za mbolea, na lolote litakalotokea hapa nyumbani Mshangano. Tupo watatu: mama yetu Kunegunda, ambaye miguu inamsumbua, mdogo wangu Gaspari, fundi cherehani, na mimi Lidwina, karani wa masjala katika idara ya serikali, mwaka wa kumi na moja kazini. Mbegu tunazo. Mbolea bado, maana siku hizi kila mtu anajitafutia kwa wafanyabiashara.

Jumamosi, 4 Desemba
Tumepanda robo tatu ya shamba. Gaspari ameimba kutwa nzima, vibaya.

Jumanne, 7 Desemba
Gaspari amekamatwa. Jana alasiri polisi wawili walimchukua Mfaranyaki, kwenye baraza ya duka la Mzee Sefu anaposhonea. Robota moja la mitumba limepungua stoo, na cherehani ya Gaspari iko karibu na mlango wa stoo. Hakuna sababu nyingine. Nimeambiwa yuko kituo kidogo, siyo kile kikubwa. Nimeshukuru, kwa sababu mkuu wa kituo hicho ni Sajini Kajetani, anayeimba besi katika kwaya ya kanisani kwetu. Ni mtu tunayemfahamu.

Jumatano, 8 Desemba
Nimepeleka uji na shuka. Sajini alinipokea kwa heshima, akanipa kiti chake.
"Dada Lidwina, wewe ni mtu wa serikali kama mimi. Tunamhoji tu. Akisema ukweli, kesho yuko shambani."
Nikauliza kama naweza kumwona.
"Kesho."
Uji aliupokea yeye mwenyewe kwa mikono miwili.

Alhamisi, 9 Desemba
Sikukuu ya Uhuru. Ofisi zimefungwa, kituo hakifungwi. Nimeambiwa kesho.

Ijumaa, 10 Desemba
Wamemwachia saa nne asubuhi kwa dhamana yangu. Sharti ni kwamba kila Jumatatu saa mbili aripoti kituoni mpaka upelelezi ukamilike.

Nilimshika mkono ili tuondoke, kiganja kikalala ndani ya changu bila kunishika. Nilidhani amenikasirikia. Tulipofika kwenye kilima cha kuelekea nyumbani ndipo alipoanza kusema, akitazama mbele. Walimfunga mikono nyuma kwa kamba ya katani, wakampandisha kwenye boriti ya chumba cha nyuma hadi vidole vya miguu vikawa vinagusa sakafu kwa shida. Siku ya kwanza mara mbili. Siku ya pili tangu asubuhi mpaka kengele ya kanisa ya adhuhuri. Aliyekuwa anauliza maswali ni Sajini Kajetani. Hakufoka. Anauliza, anasubiri, anatoka kwenda kunywa chai, anarudi, anauliza tena.

"Ukasema nini?"
"Nikasema nimeiba. Wakaniuliza robota liko wapi, nikakosa pa kulitaja. Wakanipandisha tena kwa sababu hiyo."

Nyumbani mama aliingia jikoni. Alimwekea ugali. Gaspari alilibana tonge kati ya viganja viwili, likamdondoka, akalibana tena, likamdondoka. Mama akasogeza kigoda akamlisha. Ana miaka ishirini na sita.

Jumamosi, 11 Desemba
Hospitali hawamtibu mtu aliyejeruhiwa bila fomu ya polisi, PF3, na fomu hutolewa kituoni. Kwa hiyo nilirudi kwa Sajini Kajetani kumwomba karatasi ya kumtibia mtu aliyemuumiza yeye. Penye chanzo cha jeraha aliandika mbele yangu, bila kusita: "Alianguka akijaribu kukimbia." Ana mwandiko mzuri.

Mganga wa zamu alikuwa Muhsini, mtu wa Tunduru, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Alisoma fomu, akatazama alama za kamba juu ya viwiko vya Gaspari, akamwambia anyanyue vidole. Havikunyanyuka.
"Huyu ameanguka kutoka wapi?"
"Sikuanguka, daktari," Gaspari alisema. "Kuanguka ningeshukuru. Mimi nilipandishwa."

Muhsini alichukua kalamu akajaza sehemu yake. Nimenakili hapa neno kwa neno: "Makovu mabichi ya kamba mikono yote miwili. Mishipa ya fahamu imeumia. Majeraha yanalingana na mtu aliyefungwa mikono nyuma na kuning'inizwa. Hayalingani na kuanguka."
"Wallahi sijaongeza kitu," aliniambia. "Nimeandika nilichokiona."
Nilimuuliza vidole vitarudi lini. Alisema vingine hurudi.

Jumatatu, 13 Desemba
Mashine ya kutolea nakala ofisini haina wino tangu Agosti. Chini ya fomu imechapwa kwamba ikishajazwa irudishwe kwenye kituo kilichoitoa. Nimeirudisha. Nilichukua kitabu cha kupelekea barua cha masjala, nikaandika tarehe na maelezo, konstebo wa kaunta akatia sahihi. Kwa miaka kumi na moja sijapoteza barua hata moja. Nilimwambia mama kwamba Sajini amekwisha, maana maneno ya mganga sasa yamo ndani ya faili lake mwenyewe.
"Na hilo faili analala nalo nani?" mama aliuliza.
Nilicheka.

Gaspari ameripoti.

Jumatatu, 20 Desemba
Mvua. Gaspari ameripoti.

Jumamosi, 25 Desemba
Noeli. Kwaya imeimba vizuri, besi zaidi. Sajini alipokea komunyo akiwa watu watatu mbele yangu. Nje ya kanisa alinitakia heri. Nikamjibu heri na kwako. Mdomo ulijibu wenyewe.

Jumatatu, 27 Desemba
Gaspari ameripoti. Palizi imeanza, nalima mimi na Skolastika wa jirani kwa zamu, leo kwake, kesho kwetu. Gaspari anafukuza tumbili kwa kupiga kelele.

Jumatano, 5 Januari 1994
Nimekwenda kituoni kuuliza fomu imewekwa faili namba ngapi, ili niitaje katika barua ya malalamiko.
"Fomu gani?" Sajini aliuliza.
Nikafungua kitabu cha kupelekea barua. Akakiinamia, akakigeuza upande wa dirisha.
"Hii sahihi ya nani?"
"Ya konstebo aliyekuwa kaunta."
"Yule amehamia Mbinga. Halafu, dada, hapa hakuna jina. Hapa kuna uzi uliojikunja." Askari wawili waliokuwa kwenye benchi walicheka. "Na hata kama ilirudi, fomu ni mali ya polisi. Umekuja kunidai mali yangu?"

Nimetembea hadi nyumbani na mvua. Karani yeyote aliyefundishwa kazi angefanya nilivyofanya. Hilo ndilo linaloniuma. Hawakuniibia. Walikaa wakasubiri nitimize utaratibu.

Jumatano, 12 Januari
Nimeonana na mkuu wao, katika ofisi kubwa. Nilisubiri tangu saa mbili hadi saa saba. Nilijiandaa kukanushwa. Hakukanusha.
"Sheria inakataza mtu kuteswa," alisema. "Katiba inakataza. Mimi mwenyewe nawasomea vijana kwenye paredi."
"Basi mchukulie hatua, mzee."
"Kwa ushahidi upi?"
"Mganga aliandika."
"Mganga akiitwa atasema."
"Anaitwa na nani?"
"Na mwendesha mashtaka."
"Mwendesha mashtaka ni nani?"
"Ni ofisa wetu." Alisema bila kuona haya, kama mtu anayenielekeza njia ya kwenda posta. Kisha akanisindikiza hadi mlangoni na kuuliza kuhusu mahindi.

Nilipitia hospitali. Muhsini alisema hayo hayo: akiitwa atasema. Nikamwambia mimi ndiye ninayemwita. Akavua miwani akaifuta.
"Dada, mimi pia nina bosi. Barua ya kuniita ikija, nitasimama. Inshallah."
Kila mmoja anasubiri kuitwa, na mwenye kuita ndiye mtuhumiwa.

Ijumaa, 14 Januari
Nimeandika kwa tume ya Dar es Salaam inayopokea malalamiko dhidi ya watumishi wa serikali. Kurasa nne, aya zenye namba. Sikuomba Sajini afungwe. Nimeomba jambo moja: aliye juu yake aamriwe kuitekeleza sheria ambayo anasema anaijua. Nimetia sahihi kama dada na mdhamini. Imekwenda kwa rejista ya posta.

Jumatatu, 17 Januari
Gaspari ameripoti.

Jumatatu, 24 Januari
Gaspari ameripoti. Mbolea ya pili tumekosa.

Jumatatu, 31 Januari
Gaspari ameripoti. Alikalishwa benchi hadi saa nane, kisha akaambiwa aende.

Jumatano, 9 Februari
Tume imejibu. Mistari mitatu: malalamiko yamepokelewa na yanashughulikiwa. Niliwasomea mara mbili. Mama alisema tume ni watu waungwana.

Jumatatu, 21 Februari
Gaspari amechekesha leo, mara ya kwanza tangu Desemba. Amesema, "Dada, mimi ndiye mtumishi wa serikali hapa nyumbani. Sijakosa kazini hata Jumatatu moja. Nyie ambao serikali inataka kuwapunguza kazini mje mjifunze kwangu." Mama alicheka mpaka akakohoa. Kidole gumba cha kulia kinacheza kidogo. Vinne bado.

Alhamisi, 10 Machi
Mzee Sefu amekuja nyumbani, kavaa kanzu, kashika kofia. Hakutaka kukaa.
"Shikamoo mama. Robota limepatikana. Halikuibwa. Dereva alilishusha Njombe kwa makosa, leo ndiyo ameleta karatasi. Astaghfirullah. Mimi nilisema limepungua tu, sikusema fulani kaiba."
"Umewaambia polisi?" niliuliza.
"Nimekwenda asubuhi. Wamesema faili halifungwi kwa mdomo. Nikasema basi niandikieni. Wakasema anayeandika hayupo."
Alimgeukia Gaspari. "Mwanangu, cherehani yako ipo pale pale. Sijamweka mtu."
Gaspari alimwonyesha mikono. Mzee Sefu akavaa kofia, akaivua tena. Mama akamwambia aende salama.

Kwa hiyo hakuna wizi. Kulikuwa na kuteswa bila wizi, na kuna mtuhumiwa bila kosa anayeripoti kila wiki kwa mtesaji wake.

Jumatatu, 14 Machi
Gaspari amerudi kituoni na namba. Ni namba ya utumishi ya Sajini, iliyo begani. Aliisoma kidogo kidogo kwa wiki tatu akijifanya anatazama kalenda, maana hawezi kushika kalamu. Ameniomba niiandike. Nimeiandika kwenye jalada la nyuma.

Jumapili, 27 Machi
Tumekula mahindi mabichi ya kwanza. Tunamkatia Gaspari punje kwa kisu. Anajizoeza. Anasimama katikati ya shamba na kusema: "Mheshimiwa, naitwa Gaspari. Tarehe sita Desemba nilikuwa nashona pindo la suruali." Anaanza kwenye suruali kila mara, anasema ni lazima wajue kwamba mikono ilikuwa inafanya kazi. Asubuhi hii alifika mwisho bila sauti kutetemeka.

Desemba mimi ndiye niliyekuwa na nguvu na yeye hasemi. Sasa yeye anasema na mimi nachoka. Kila ninapopita masjala natazama rafu na kuwaza ni wangapi wamelala humo.

Jumatano, 13 Aprili
Bwana Yohanes, mkuu wetu wa ofisi, ameniita akafunga mlango. Ni mtu mwema. Alikuja kumzika baba. Orodha ya kupunguza wafanyakazi inakwenda mkoani mwisho wa mwezi. Nafasi za masjala ni mbili, inabaki moja.
"Umeniambia nini, mzee?"
"Sijakwambia kitu. Nimeulizwa tu kama ni kweli kwamba karani wangu anatumia kitabu cha ofisi kwa mambo yake binafsi."
"Nani amekuuliza?"
"Lidwina, ungekuwa wewe ni mimi, ungetaja?"

Jumanne, 19 Aprili
Sajini Kajetani alikuja nyumbani saa tisa. Gaspari alikuwa shambani, mama amekwenda kwenye sala za jumuiya. Mvua ilikuwa inanyesha, na alikuwa ameficha bahasha ndani ya koti isilowe. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua yangu. Ile ile, kurasa nne, aya zenye namba.

Naisoma njia ya barua kama wengine wanavyosoma njia ya mnyama. Tume imeipeleka mkoani: kwa hatua zako. Mkoa umeipeleka wilayani: kwa hatua zako. Wilaya imeipeleka kituo kidogo: kwa hatua zako, jibu katika siku kumi na nne. Mihuri mitatu, sahihi tatu, na hakuna mkono hata mmoja uliosita. Nami mwenyewe nimeandika maneno hayo kwenye barua za watu, mara ngapi sijui.

"Nimeambiwa nijieleze," alisema. "Mimi si mwandishi, dada. Nikafikiri, kwa nini nisije kwa mwenyewe?"
Nilikuwa bado naitazama ile mihuri.
"Malalamiko ni yako, siyo ya Gaspari. Sahihi ni yako. Ukiandika kwamba familia imeridhika, nami nafunga faili la robota jioni hii. Haripoti tena."
"Hakuna robota lililoibwa. Mzee Sefu amesema."
"Amesema. Mimi nina karatasi ambayo Gaspari amekiri, ina dole gumba lake. Kuna mdomo na kuna karatasi, wewe unajua zaidi yangu." Alifuta maji usoni kwa kiganja. "Na ujue, kukiri anako, mahakama ikitaka ni miaka mitatu, minne. Mikono ile jela itamsaidia nini?"

Nilimuuliza kwa nini alimfanyia vile mtu aliyesimamia ubatizo wa mwana wa dada yake. Ni kweli, Gaspari ni baba wa ubatizo wa mpwa wake.
"Niliambiwa nilete majibu kabla ya sikukuu," alisema. "Na mimi naulizwa, dada. Unafikiri mimi siulizwi?"

Ningependa kuandika kwamba alikuwa mnyama. Alikuwa mtu mwenye viatu vilivyolowa anayeogopa siku kumi na nne. Nilimwona kuwa ni karani kama mimi, na hapo ndipo nguvu zilipokwisha. Mtu mbaya mmoja angeweza kuondolewa.

Nikamwambia aje Ijumaa.

Ijumaa, 22 Aprili
Nimeandika. Ukurasa mmoja, nakala tatu. "Baada ya pande zote kukutana, familia imeridhika kwamba majeraha yalitokana na kuanguka, na kwamba mlalamikaji aliandika kwa uchungu bila kuwa na uhakika. Familia haina malalamiko zaidi." Sajini alisoma akasema niongeze kwamba polisi walionyesha ushirikiano. Nikaongeza. Alifunga faili mbele yangu na kunionyesha muhuri.

Gaspari sikumwambia. Nilijiambia nitamwambia kesho.

Jumatatu, 25 Aprili
Asubuhi nilimwambia asiende kituoni, kwamba faili limefungwa. Alisimama mlangoni na shati lake, ambalo mama alikuwa ameshalifunga vifungo.
"Limefungwa na nani?"
"Wamelifunga wao."
Alinitazama, kisha uso wote ukafunguka. "Wameogopa, dada. Tume imewabana! Si nilikwambia? Barua yako imewabana!" Alimkumbatia mama kwa mikono ile, bila vidole. Alikwenda hadi Mfaranyaki kumwambia Mzee Sefu.

Nilimwacha aende.

Alhamisi, 28 Aprili
Orodha imekwenda mkoani. Jina langu halimo.

Jumapili, 8 Mei
Mvua zimekatika. Gaspari anafanya mazoezi kila siku. Amemwomba mama amfulie suruali nyeusi kwa ajili ya siku tume itakapokuja kumsikiliza. Amemwambia Skolastika, na Skolastika amewaambia wengine. Leo baada ya misa mzee mmoja asiyejulikana kwetu alimsimamisha, akakunja mkono wa shati, akamwonyesha alama. Ya miaka mingi. Kituo kile kile. Gaspari alimwambia: "Subiri kidogo, mzee. Mimi nikimaliza, na wewe utaitwa."

Jumatatu, 16 Mei
Nilitaka kumwambia leo. Tulikuwa tunavuna, mimi nakata, yeye anasukuma mahindi kwa mguu. Mavuno ni haba upande usio na mbolea. Sikumwambia.

Jumanne, 24 Mei
Tarishi wetu alimkuta Gaspari njiani akampa barua yangu iliyotoka Dar es Salaam. Niliporudi kutoka kazini nilimkuta amekaa kwenye kigoda uani, kavaa suruali nyeusi, bahasha ipo mapajani, haijafunguliwa. Mama alikuwa amesimama nyuma yake.
"Soma, dada," alisema. "Kwa sauti. Mama asikie."

Nimefungua. Nilijua kilichomo, lakini sikujua kwamba wangenakili. Tume inapenda kunijulisha kwamba baada ya uchunguzi suala limefungwa, kwa kuwa imethibitika kama ifuatavyo: familia imeridhika kwamba majeraha yalitokana na kuanguka, na kwamba mlalamikaji aliandika kwa uchungu bila kuwa na uhakika. Tume inaishukuru polisi kwa ushirikiano.

Gaspari hakukasirika. Alikuwa anafikiri, kama mtu anayetafuta kosa katika mshono.
"Imethibitishwa na nani? Hawakuja. Hayo maneno ni ya Sajini?"
"Hapana."
"Ni ya yule mganga? Wamemtisha?"
"Hapana, Gaspari."
"Basi ni ya nani?"
Mama alikwisha kuelewa. Aliweka mkono kwenye bega lake.
"Ni yangu," nilisema.

Alitazama karatasi, ingawa kutoka alipokaa asingeweza kuisoma. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena.